Moyo unakimbia kabla hujajua umeogopa nini: uzi wa neva na vipokezi vya tezi ya adrenali

Kidakatonge (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu.

Ule uzi wa vidonge vya "kuamsha adrenali" vinavyopigiwa debe Kariakoo mods wameufunga kwa sababu ya matusi, ila hoja zimebaki hewani. Nimeusoma wote. Anayeuza na anayepinga wanakubaliana jambo moja: kwamba mtu akiwa na mawazo mengi homoni za tezi hii zinaisha, na zikiisha zinahitaji kujazwa. Hakuna aliyetaja neva hata mara moja. Hakuna aliyetaja vipokezi, yaani zile protini za seli zinazoshika kemikali na kuifanya seli iitikie. Nafundisha fiziolojia kwenye chuo cha afya hapa mjini, na kwa maoni yangu bila hivyo viwili mtabishana hadi mwakani.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, ndiyo adrenali, gramu nne hadi tano kwa mtu mzima. Ukiipasua unakuta rangi mbili: gamba la nje la njano, na kiini chenye wekundu wa kahawia. Kiini kinaitwa medula. Hizo ni tezi mbili zilizokutana zikakaa kwenye ngozi moja. Gamba limetokana na tabaka la kati la kiinitete. Medula asili yake ni kule kunakotoka neva. Seli zake ni ndugu wa damu wa neva za ganglioni (mafundo ya seli za neva yaliyo nje ya ubongo na uti wa mgongo), isipokuwa hazikuota mkia.

Sasa fuateni njia ya neva. Kwa kawaida amri ya mfumo wa simpathetiki (neva zinazouandaa mwili kukabili hatari) husafiri kwa mikono miwili. Neva ya kwanza inatoka kwenye uti wa mgongo na kuishia kwenye ganglioni. Pale inaikabidhi neva ya pili, na hiyo ya pili ndiyo inayofika moyoni, kwenye utumbo au kwenye mshipa wa damu. Adrenali haina utaratibu huo. Neva ya kwanza inatoka kwenye uti wa mgongo usawa wa kifua, pingili ya tano kushuka hadi ya kumi na mbili hivi, inajiunga na wenzake kuwa neva za splankniki, inapita katikati ya ganglioni ya siliaki bila kusimama, na kuingia ndani ya medula kabisa. Kwa hiyo medula yenyewe ndiyo neva ya pili. Neva ya kawaida humwaga kemikali yake kwenye mwanya mbele ya kiungo kimoja. Hii inamwaga kwenye damu.

Neva ya splankniki ikifika inatoa asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe. Asetilikolini inavuka mwanya na kushika kipokezi cha nikotini kwenye ukuta wa seli ya medula. Kipokezi hicho ni protini tano zilizopangwa duara, na zikishikwa tundu la katikati linafunguka. Sodiamu inaingia, umeme wa seli unabadilika, kalsiamu nayo inapata njia, na kalsiamu ndiyo inayofanya vifuko vya homoni vipasukie nje. Yote hayo hayafiki hata sekunde. Kwa binadamu karibu asilimia 80 ya kinachotoka ni adrenalini, na 20 noradrenalini.

Waliothibitisha kwamba mjumbe ni asetilikolini ni Wilhelm Feldberg na wenzake, miaka ya 1933 na 1934. Waliichokoza neva ya splankniki, wakakusanya damu inayotoka kwenye tezi, kisha wakaipima kwa msuli wa ruba. Naam, ruba huyu huyu wa majini. Msuli wake ukitiwa dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe, hujikunja hata kwa chembe ndogo ambayo vyombo vya wakati ule visingeiona. Mwaka huohuo wa 1933 Feldberg, akiwa Myahudi, alifukuzwa kazi Berlin, akaendelea London kwenye maabara ya Henry Dale.

Naishia hapa kwanza. Karibuni.

Chuma cha Tabata

Mkuu, elimu nzuri ila mimi nataka jibu la mtaani. Simba na Yanga, dakika za lala salama, tumepigiwa penalti. Mikono inatetemeka, jasho linatiririka, tumbo linakata, moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Homoni moja inafanyaje kazi zote hizo? Na mbona jirani yangu pale kibandaumiza ametulia anamenya karanga?

Kidakatonge

Huyo jirani atakuwa shabiki wa Azam.

Swali lako ndilo lililowatesa wataalamu karibu miaka hamsini. Adrenalini ikishaingia kwenye damu ni gari la matangazo: linapita kila mtaa na ujumbe uleule, na kila nyumba inaitikia kwa namna yake. Kinachoamua jibu ni kipokezi kilichopo pale ilipofika.

Moyo una vipokezi vya beta-1 (alfa na beta ni majina ya makundi ya vipokezi vya adrenalini), hivyo unaongeza kasi na nguvu. Mishipa ya ngozi na ya tumbo ina alfa-1, inabana. Ndiyo hilo tumbo lako linalokata na viganja vya baridi. Mirija ya mapafu ina beta-2, inalegea na kupanuka. Mishipa inayolisha misuli ya miguu nayo ina beta-2 kwa wingi, inapanuka. Kutetemeka mikono ni beta-2 za misuli yenyewe, na wenye pumu wanaijua vizuri kwa sababu wakivuta pampu ya salbutamoli mara nyingi vidole vinacheza vivyo hivyo.

Jasho ni kioja. Neva zinazolitoa ni za simpathetiki, lakini mwishoni zinatoa asetilikolini, na tezi za jasho zinaipokea kwa vipokezi vya muskarini, aina nyingine ya vipokezi vya asetilikolini tofauti na vile vya nikotini. Lishikeni hili, litatufaa mbele.

Mwaka 1906 Dale aliwapa wanyama dawa ya ergoti, ile inayotokana na ukungu wa nafaka, kisha akawachoma adrenalini. Alitarajia presha ipande kama siku zote, ikashuka. Ergoti ilikuwa imeziba alfa, zikabaki beta za kupanua mishipa zikifanya kazi peke yake, ila wakati ule hakuna aliyekuwa na majina hayo. Yalikuja mwaka 1948, Raymond Ahlquist wa Marekani alipopanga dawa za jamii hii kwa nguvu zake kwenye viungo mbalimbali na kuona zinajigawa makundi mawili. Jarida la kwanza alilopelekea makala lilimkatalia. James Black akalichukua wazo hilo akatengeneza propranololi, dawa ya kuziba beta, na mwaka 1988 akapewa Nobel.

mwanafunzi_Upanga

Mwalimu shikamoo. Nina maswali mawili. Kipokezi cha nikotini cha medula ni sawa na kile cha misuli? Na darasani tulisoma kuna PACAP, lakini hakuna aliyetueleza kazi yake.

Kidakatonge

Marahaba. Hapana, si sawa. Cha misuli ya mifupa kimeundwa na vipande vingine kabisa. Cha medula kinafanana na cha ganglioni, na mchanganyiko unaotawala ni alfa-3 na beta-4. (Alfa na beta hizi ni majina ya vipande vya protini. Hazihusiani na alfa na beta za adrenalini nilizotaja juu. Waliotoa majina hawakutuonea huruma.) Tofauti hii ina faida chumba cha upasuaji: dawa za kulegeza misuli zinalenga kile cha misuli, na mfumo wa simpathetiki kwa kiasi kikubwa unabaki unafanya kazi. Kinyume chake ni heksamethoniamu, iliyokuwa ikiziba ganglioni. Ilitumika kutibu presha kali miaka ya 1950, na wagonjwa walikuwa wakisimama tu wanaanguka.

PACAP ni peptidi (protini fupi) inayotolewa na neva ileile ya splankniki pamoja na asetilikolini. Asetilikolini ni ya haraka lakini ina udhaifu: neva ikipiga mfululizo, vipokezi vya nikotini vinazoea na kuacha kuitikia. Hapo PACAP inachukua zamu. Ina kipokezi chake, kinaitwa PAC1, na mwitikio wake ni wa polepole lakini haukati. Panya waliozaliwa bila PACAP wanaonekana wazima hadi wapatwe na msukosuko mrefu, mfano sukari kushushwa kwa insulini. Adrenalini yao inashindwa kuendelea kutoka na wengi wanakufa. Kwa maoni yangu PACAP ilistahili ukurasa mzima vitabuni, siyo mstari mmoja.

Mzee wa Feri

Kijana, umesema "kipokezi cha nikotini". Nikotini hii ya sigara? Mimi asubuhi bila sigara mbili macho hayafunguki.

Kidakatonge

Shikamoo mzee. Ndiyo hiyohiyo. Jina limetoka huko kwa sababu nikotini ya tumbaku inakishika kipokezi kile kana kwamba ni asetilikolini. Ukivuta, nikotini inafika kwenye damu, inachokoza ganglioni, inachokoza medula, adrenalini inatoka bila ubongo kuamuru. Mapigo yanapanda, presha inapanda, mishipa ya ngozi inabana. Kwa hiyo kuamka unaamka kweli, ila moyo umekimbizwa na hakuna mwizi.

Mzee wa Feri

Marahaba. Umenikera lakini nimeelewa.

Chuma cha Tabata

Mimi bado nipo kwenye hoja ya duka. Kama tezi inamwaga kila siku, foleni ya Mandela asubuhi, bosi mchana, kodi ya nyumba usiku, si lazima itachoka? Muuzaji anasema ipo kisayansi.

Kidakatonge

Hapa ndipo nilipotaka tufike, nipeni nafasi.

Mwaka 1969 Hans Thoenen, Robert Mueller na Julius Axelrod walifanya jaribio Marekani kwa panya. Walimkatia panya neva ya splankniki upande mmoja, wakaacha upande wa pili mzima. Kisha wakampa reserpini, dawa inayofanya neva za simpathetiki zipige kwa nguvu na kumaliza akiba kwenye vifuko. Halafu wakapima kimeng'enya cha tairosini haidroksilesi, kile kinachoanzisha utengenezaji wa adrenalini. Tezi yenye neva ilikuwa imeongeza kimeng'enya hicho sana. Tezi iliyokatwa neva haikuongeza.

Yaani amri ileile inayosema "mwaga" ndiyo inayosema "tengeneza zaidi". Neva ikiisumbua tezi kwa siku nyingi, uwezo wa tezi kutengeneza unapanda. Mtu mwenye mawazo ya muda mrefu tatizo lake si upungufu wa adrenalini. Anayo ya kutosha na ya ziada, na moyo na mishipa ndiyo inayolipa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Adrenalini ikiingia kwenye damu, nusu yake inaondolewa ndani ya dakika mbili tatu hivi. Na seli za medula zenyewe zina vipokezi vya alfa-2, vinavyohisi homoni iliyotoka na kupunguza utoaji.

Kuhusu "uchovu wa adrenali", Cadegiani na Kater wa Brazili walipitia tafiti 58 na kuchapisha mwaka 2016. Kichwa cha makala yao kinasema wazi kwamba ugonjwa huo haupo. Mchovu anachoka kweli, simkatalii. Apimwe damu, sukari, tezi ya shingo, usingizi, msongo. Kuna mtu anakunywa vichupo vya mitishamba mwaka mzima kumbe ana upungufu wa damu.

Mama Nasra

Asante kaka kwa uzi. Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini, na Ramadhani hakubali kuacha kufunga. Zamani sukari ikishuka alikuwa anatetemeka na moyo kumwenda mbio, tunajua, tunampa juisi. Tangu aanzishiwe propranololi kwa ajili ya kichwa, hatetemeki tena. Ndugu wanasema dawa imemtuliza. Mimi naogopa.

Daktari wa Zamu

Mama Nasra, hofu yako ina msingi.

Sukari ikishuka, ubongo unaituma neva ya splankniki na medula inatoa adrenalini nyingi. Noradrenalini haipandi kwa kiasi hicho. Adrenalini inaliambia ini litoe sukari, na wakati huohuo inaleta dalili mlizozizoea. Propranololi inaziba beta zote, kwa hiyo kutetemeka na mapigo ya mbio vinafichika huku sukari ikiendelea kushuka. Hata ini linachelewa kusaidia.

Jasho halifichiki. Mwalimu ameeleza hapo juu: jasho linapita kwa asetilikolini na muskarini, propranololi haligusi. Mama akilowa jasho la baridi mchana wa Ramadhani, au akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, pimeni sukari hapohapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue, hata kama imebaki nusu saa kabla ya adhana. Mpelekeni kliniki na dawa zake zote mkononi, waangalie kama anaweza kubadilishiwa hiyo ya kichwa na kupangiwa insulini upya kabla ya mfungo. Msiikatishe propranololi wenyewe kwa ghafla. Vipokezi vilivyozibwa muda mrefu huongezeka, na mkiiondoa mara moja moyo unaweza kuruka vibaya.

Na mtu anayeshuka sukari mara kwa mara, hata bila propranololi, mwitikio wake wa adrenalini unafifia. Anazimia bila onyo.

Mama Nasra

Nimemtumia mdogo wangu sasa hivi akanunue vijiti vya mashine. Allah akulipe dokta.

mwanafunzi_Upanga

Naomba kurudi nyuma. Amri inaanzia wapi kwenye ubongo? Kitabu kinasema haipothalamasi, basi.

Kidakatonge

Haipothalamasi (sehemu ndogo ya chini ya ubongo) na shina la ubongo ndiko amri inakopita kwenda kwenye uti wa mgongo. Lakini nani anaziamuru hizo? Mwaka 2016 Richard Dum, David Levinthal na Peter Strick wa Pittsburgh walichapisha jibu, na njia waliyotumia ni ya kutisha kidogo: walichoma virusi vya kichaa cha mbwa kwenye medula ya adrenali ya nyani. Virusi hivi vina tabia ya kupanda kwenye neva kurudi nyuma, kutoka sinapsi (kiungio cha neva na neva) moja hadi nyingine, kuelekea ubongoni. Ukisimamisha jaribio kwa wakati unaofaa unaona vimefika wapi.

Walivikuta kwenye gamba la ubongo sehemu zaidi ya moja. Nyingi zilikuwa maeneo ya kuendesha misuli, hasa yale ya kiwiliwili. Nyingine ni sehemu za ndani za paji zinazohusika na kufikiri, kupima migongano na kuhisi huzuni au woga. Kwa hiyo unapokumbuka saa nane usiku maneno aliyokwambia mtu, na moyo ukaanza kwenda mbio kitandani, ipo njia ya neva inayoweza kubeba jambo hilo kutoka kwenye wazo hadi kwenye tezi.

Chuma cha Tabata

Saa nane usiku ndiyo saa ya kodi ya nyumba. Endelea mwalimu.

Daktari wa Zamu

Niongeze la wodini. Vijana wa bodaboda wanaovunjika shingo au sehemu ya juu ya kifua, juu ya pingili ya sita ya kifua, amri ya ubongo haivuki tena kushuka chini. Adrenalini yao ya kawaida ni ndogo, presha iko chini. Lakini neva za chini ya jeraha ziko hai, hazina msimamizi. Kibofu kikijaa kwa sababu mpira wa mkojo umejikunja, neva hizo zinalipuka zenyewe: mishipa ya tumbo inabana, presha inapaa hadi kuhatarisha ubongo, kichwa kinauma sana, uso unawaka na jasho linatoka juu ya jeraha tu. Nyumbani watu wanadhani malaria, wanampa dawa ya maumivu na kumlaza. Msimlaze. Mkalisheni wima, legezeni nguo, nyoosheni mpira wa mkojo, kisha aje hospitali.

Neema Kigamboni

Swali kwa mwalimu. Umesema tezi ziko mbili, mbona umeongea medula tu? Na mimi nina lingine: kuna wasichana mtaani wanakunywa deksa ili wanenepe. Inaingia hapa?

Kidakatonge

Inaingia sana dada Neema, na afadhali umeuliza.

Gamba halisubiri neva kwa amri yake kuu. Linaongozwa kwa damu: haipothalamasi inaiambia pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, pituitari inatoa homoni ya ACTH, ACTH inashika kipokezi chake kwenye gamba na kortisoli inatengenezwa. Sehemu ya juu kabisa ya gamba inatoa aldosteroni ya kutunza chumvi, na hiyo inaitikia zaidi angiotensini (homoni inayobana mishipa) na potasiamu. Neva zipo pia, nyuzi chache zinazofuata mishipa ya damu, na kwa wanyama neva ya splankniki ikichokozwa gamba linaitikia ACTH kwa nguvu zaidi. Dopamini, kemikali nyingine ya neva, huishikilia aldosteroni isipande. Metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, inaziba vipokezi vya dopamini na aldosteroni inaongezeka.

Damu inatoka nje kwenda ndani, inapita gamba kisha medula. Kwa hiyo medula inaogeshwa kortisoli nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote mwilini, na kortisoli hiyo ndiyo inayowezesha kimeng'enya cha PNMT kugeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Ndiyo sababu ya ile asilimia 80.

Sasa deksa. Deksamethasoni ni mfano wa kortisoli, mara nyingi wenye nguvu zaidi. Msichana akiimeza wiki hadi wiki, pituitari inaona zimejaa, inanyamazisha ACTH. Gamba lisilopata ACTH linasinyaa. Uso unavimba, mashavu yanajaa, shoga zake wanamsifia kwamba amependeza. Siku akiishiwa hela akaacha ghafla, au akapata malaria kali wakati gamba limelala, hakuna kortisoli ya kumwinua. Kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, sukari kushuka, na anaweza kufa. Anayetumia asiache leo usiku kwa kuogopa uzi huu. Aende hospitali aseme ukweli ametumia nini na kwa muda gani, apunguziwe taratibu.

Tezi ikiharibika kabisa ndipo utajua ni upande gani unaotubakiza hai. Thomas Addison aliueleza ugonjwa huo London mwaka 1855, na kifua kikuu kilikuwa kisababishi kikubwa. Kifua kikuu kinakula gamba na medula pamoja. Mgonjwa anapewa haidrokotisoni badala ya kortisoli, na fludrokotisoni ya chumvi, na anaishi. Adrenalini ya kila siku hapewi na wala haihitaji, kwa sababu neva za simpathetiki zinafika zenyewe kwenye moyo na mishipa. (Dalili moja ya Addison ni kuongezeka weusi. Kwa ngozi zetu angalia fizi na mikunjo ya viganja.)

Neema Kigamboni

Nimechukua picha ya haya maelezo. Kuna kikundi cha WhatsApp yanahusika.

Bibi Shamba

Wajukuu, mimi nalima mchicha Bonde la Msimbazi. Kijana wangu alipiga dawa ya wadudu bila kitambaa, akaja nyumbani anatoka mate, anatapika, misuli inamcheza cheza mwilini. Watu wakasema ni shetani. Hospitali wakasema ni sumu ya dawa, wakamtibu akapona. Hilo nalo lina neva?

Kidakatonge

Shikamoo bibi. Pole, na tumshukuru Mungu amepona. Ni neva tupu. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfati zinaua kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Asetilikolini inarundikana kila mahali inapotumika. Kwenye vipokezi vya muskarini inaleta mate, machozi, kuhara, kifua kujaa majimaji. Kwenye vipokezi vya nikotini vya misuli inaleta kucheza cheza huko, halafu misuli inalegea. Na kwenye nikotini za ganglioni na medula ya adrenali inamwaga adrenalini, ndiyo maana wengine wanafika mapigo yakiwa juu na presha imepanda, wakati mwanafunzi amekariri kwamba mapigo lazima yawe chini.

mwanafunzi_Upanga, hili ni swali la mtihani: atropini, dawa ya kutibu sumu hii, inaziba muskarini peke yake. Inakausha kifua, inaokoa maisha, lakini misuli ikilegea haiwezi kuisaidia. Usimtazame mgonjwa kifua kimekauka ukasema amepona. Tazama anavyopumua.

Daktari wa Zamu

Bibi, kwa siku nyingine: mtu akipatwa na hii, mvueni nguo zote alizopigia dawa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Msimtapishe. Msimpe maziwa wala mafuta, yataingia mapafuni akitapika. Mlazeni ubavu, mtafute usafiri, na kopo la dawa yenyewe mje nalo, hata kama limeisha, ili tusome lilikuwa na nini.